Mkate Chini ya Mashuka

"Mkono wa tatu wa nini tena, Baba? Huu ni mkate, si geti."

"Kwa mikono miwili haung'ai. Toa kidole chako hapo."

"Unauziba. Ukiuziba haupumui, na usipopumua ndani unabaki kinyunga. Jumapili iliyopita ilikuwa hivi hivi. Na ile ya nyuma yake. Na ile ya nyuma ya hiyo."

"Wewe umeoka mikate mingapi tangu uzaliwe?"

"Hata mmoja. Lakini yako yote nimeitupa mimi."

Baba akasimamisha brashi hewani. Tone la yai likadondoka sakafuni. Si mtu wa makelele yule, ila sasa mishipa ya shingo ilimsimama kama kamba za kuanikia.

"Basi leo pumzika," akasema kwa sauti ya kusikika nyumba tatu. "Nitaoka mwenyewe na nitatupa mwenyewe."

"Ongezeni sauti kidogo," akasema Bibi kutoka kwenye kona yake, mikono haijaacha kukwangua jibini. "Jirani wa chini ni mzito wa masikio, asije akakosa."

Ili ugomvi huu ueleweke, inabidi kujua kwamba baba yake Ngazi ni fundi rangi. Miaka ishirini na nane yuko na brashi mkononi. Kwa mafundi rangi, kila brashi inapopita ukutani na rangi ikaachwa ikauke, huo ni mkono mmoja. Ukuta wa sebule unataka mikono miwili, geti la chuma linataka mitatu, na fundi anayejiheshimu haondoki akiacha mkono njiani. Sasa mtu kama huyo mpe yai lililopigwa na mkate wa kupakwa juu, unategemea nini? Alikuwa amenunua brashi mpya ya inchi mbili kwa kazi hiyo tu. Anapaka, anarudi nyuma hatua mbili, anafumba jicho moja, anapuliza, anasubiri ukauke, anapaka tena.

Ngazi ni mwanawe, na jina hilo alipewa na baba huyo huyo, mwaka ule miguu yake ilipoanza kuzikimbia suruali. Shule amemaliza mwaka jana. Tangu hapo yupo yupo tu: leo kamfuata baba yake kazini kushika ndoo, kesho kalala mpaka mchana, keshokutwa kazunguka mtaani hadi viatu vimeomba poo.

Na kilichowatoa jasho wote wawili, Jumapili, saa mbili na nusu asubuhi, ni kitu kimoja: Mama alikuwa anakuja saa tano.

Hakuwa anakuja kukaa. Miezi mitano sasa alikuwa anaishi kwa mdogo wake, upande wa pili wa mji, akipiga pasi nguo za watu kwenye kichumba chenye dirisha la barabarani. Alimpigia Ngazi simu siku ya Alhamisi. "Mwambie baba yako Jumapili saa tano nitapita kuchukua meza yangu ya pasi," alisema. "Na kama kuna chai, nitakunywa."

Ngazi akafikisha salamu kama zilivyo. Baba yake hakusikia habari ya meza. Alisikia chai. Juu ya neno hilo moja akajenga ghorofa nzima, akaezeka, akaweka na mapazia. Mtu anayekunywa chai anakaa. Mtu anayekaa anakula. Na Mama akila ule mkate wake, ule wenyewe, kwenye kiti chake mwenyewe, meza ataikumbuka kweli?

Ngazi alimcheka usoni. Lakini usiku alipolala, na yeye aliingia ghorofa lile lile akazunguka vyumba vyote.

Maana ule mkate, jamani. Jumapili nyumbani kwao hakukuwa na chai ya asubuhi, na chakula cha mchana hakikuwepo. Vilikuwa vimekutana njiani saa tano vikawa kitu kimoja. Mama alikuwa anasukuma donge mpaka linakuwa pana na jembamba, anatandaza nyama ya kusaga iliyokaangwa na vitunguu na pilipili manga hadi ikakauka, anamwaga jibini juu yake bila huruma, kisha anakunja kama mkeka, anabana ncha, anakata mikato mitano mgongoni. Ukitoka kwenye oveni, ile mikato imefunguka na jibini linachungulia. Ukivuta kipande chako, nyuzi zinakufuata mpaka kwenye sahani. Halafu ulikuwa mwepesi. Mkubwa namna ile, umejaa nyama namna ile, na bado ukiubonyeza kwa kidole unarudi juu wenyewe kama mto.

Wa Baba haukuwa unarudi. Ukiubonyeza, alama inabaki mpaka siku ya kutupa.

"Unaingia," akasema Baba sasa, akafungua oveni na kuusukuma mkate ndani pamoja na mikono yake yote mitatu.

Ngazi alitazama kioo cha oveni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na bahati mbaya yake alikuwa amewahi kuyasubiri kweli. Dakika kumi, kumi na tano. Juu mkate ukageuka rangi nzuri ajabu, kahawia inayowaka, ungeweza kujitazama na kuchana nywele. Baba akaanza kutabasamu. Dakika arobaini akautoa, akauweka mezani, akachukua kisu.

Kisu kiligonga. Halafu kikapenya, halafu kikakwama, na kilipotoka kilikuwa kimevaa soksi ya unga mbichi.

Bibi ndiye aliyeinuka, akasogea, akaugonga ule mkate kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Fundi," akamwambia mwanawe kwa upole, "hapa pametoka matofali mazuri sana. Ukipata mia mbili tutaongeza chumba."

"Mama, tafadhali."

"Nasema tu. Mume wangu," akamgeukia Ngazi, maana ndivyo anavyomwita mjukuu wake, "fungua kabati la chini. Nyuma ya sufuria kubwa."

Ngazi akafungua. Nyuma ya sufuria kubwa palikuwa na bakuli limefunikwa kwa sahani, na ndani nusu nzima ya nyama ya kukaanga.

"Niliificha jana," akasema Bibi. "Si kwamba sina imani na mwanangu. Ninayo. Ila nimeishi naye muda mrefu."

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika ishirini. Unga ulikuwepo, hamira ilikuwepo, jibini Bibi bado alikuwa anakwangua. Ngazi akavuta bakuli kubwa la bati, lile lile ambalo Mama alikuwa analitumia, akamimina unga kabla baba yake hajapata pa kusemea.

"Nikande mimi," akasema. "Wewe una mkono wa kupakia dari, mzito."

"Kanda," akasema Baba, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilikuwa ndogo. Alikaa kwenye kiti, akaiweka brashi magotini. "Ngazi, nimefuata kila kitu. Unga ule ule. Hamira kijiko kile kile, nimepima kwa kijiko chake. Maji vuguvugu. Dakika za kukanda nimehesabu. Kinachokosekana ni nini?"

Ngazi hakujua. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba alikaa jikoni mle Jumapili zote za maisha yake, akala, akalamba vidole, akaondoka, na hakuona kitu. Alikanda kwa hasira mpaka donge likawa laini, akalifunika kwa sahani, akatafuta pa kuliweka. Jikoni kwao kuna baridi. Dirisha lake linatazama ukuta wa jengo jingine, jua linapita mbali kule juu likielekea kwa watu wengine. Mezani palikuwa pamejaa. Akalibeba bakuli mpaka kwenye meza ya pasi.

Meza ile ilikuwa pale pale ukutani, mkabala na jiko, tangu Mama alipoondoka. Baba aliitengeneza mwenyewe, mwaka waliooana, kwa ubao wa jukwaa wanaloparamia mafundi rangi: ubao mzito, mrefu, akaufunga miguu ya kukaza kwa skrubu na kuupima mara tatu mpaka urefu ukakaa sawa na kiuno cha mkewe. Chini yake aliweka rafu ya kupangia mashuka yaliyokwisha kupigwa. Kwa miezi mitano sasa rafu ilikuwa na makopo ya rangi.

Ngazi akaanza kutoa makopo ili apate nafasi. La kwanza, la pili. Alipotoa la nne, akaona kwenye mbao za rafu duara. Si la kopo. Lilikuwa kubwa, limeingia kwenye mbao, limekolea, kama alama ya pete kwenye kidole cha mtu aliyeivua jana. Akalitazama. Akashusha bakuli la bati taratibu, akaliweka juu ya lile duara.

Likakaa sawasawa, wala halikubaki pengo.

Akapiga magoti pale, pua iko chini ya meza, na ghafla hakuwa na miaka ishirini. Alikuwa na minne. Alikuwa amejibanza kwenye rafu hiyo hiyo, amekunja magoti, na pembeni yake kuna bakuli, na juu na kushoto na kulia kuna mashuka meupe, marundo kwa marundo, yametoka kwenye pasi sasa hivi, ya moto, yananuka mvuke. Juu ya kichwa chake pasi inakwenda inarudi, inakwenda inarudi. Na sauti ya Mama: usilale na huyo mwenzako, wewe ukilala yeye atakufunika. Akigeuka anakuta kweli, donge limeinuka, limeisukuma sahani.

"Baba," akasema bila kutoka chini ya meza. "Hamira haina shida. Haikupata joto."

"Joto gani? Oveni si ndiyo hiyo."

"Kabla ya oveni. Alikuwa analiweka hapa. Anapiga mashuka ya nyumba ya wageni, anayapanga humu yakiwa ya moto, na donge liko katikati. Ndiyo maana likawa linaumuka vile. Ni yale mashuka."

Hapo Bibi akaacha kukwangua.

Baba akageuka kwenye kiti. Alikuwa anaitazama rafu, na uso wake ulikuwa unafanya kitu ambacho Ngazi hakuwahi kuuona ukifanya: ulikuwa unarudi nyuma, siku baada ya siku, kama mtu anayetafuta alikoangusha ufunguo.

Maana maneno aliyasema yeye. Mwaka jana, Jumapili kama hii, mbele ya Bibi na mbele ya Ngazi, aliingia jikoni na njaa yake akasema: haya mashuka ya watu tusiowajua yanafanya nini kando ya chakula changu? Yatoe humu. Mama hakujibu. Wiki iliyofuata akayahamishia kibarazani. Jumapili hiyo mkate ukatoka mzito, na Baba, huku anatafuna, akasema leo umekaza mkono. Jumapili nyingine akasema tena. Mwezi haukuisha, pasi nayo ikahamia kwa mama mdogo, eti kule kuna nafasi. Halafu jioni moja Mama akafunga begi, akasema mgongo unamuuma kwenda na kurudi, akakaa huko huko. Kwanza yalihama mashuka, ikafuata pasi, akafuata mwenyewe. Na siku zote hizo hakuna aliyemuuliza swali moja.

"Mbona hakuniambia?" akasema Baba.

"Ulimuuliza?" akasema Bibi. Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliuma.

Baba akasimama. "Ngazi, panda kwa nesi wa juu, mwazime pasi."

"Sasa hivi?"

"Nimesema panda. Mama, mashuka yetu yako wapi?"

Nesi wa juu, mwanamke mstaafu anayekufungulia mlango upana wa jicho tu, alitoa pasi yake na swali moja tu: nani kafariki. Ngazi akamwambia hakuna, Baba anapiga pasi. Nesi akamtazama kama ambaye hajaona tofauti.

Aliporudi, Baba alikuwa ameshatandika blanketi juu ya meza. Alikusanya kila kilichofanana na shuka humo ndani: mashuka ya vitanda vitatu, foronya, taulo, mapazia mawili na kitambaa cha meza cha sikukuu. Akanyunyiza maji kwa vidole, akaishika pasi kama anavyoshika brashi, akaanza. Alipiga shuka la kwanza kutoka juu kwenda chini, mistari iliyonyooka, bila kuacha kona. Akalikunja likiwa linafuka, akainama, akaliweka kando ya bakuli. La pili. La tatu.

"Lile la kwanza limeshapoa," akasema Ngazi, mkono wake uko kwenye rafu.

"Lete nilirudie."

Akalirudia. Ikawa ndiyo kazi: kupiga, kukunja, kuinama, kupanga, kutoa lililopoa, kurudia. Jasho likaanza kumtoka kwenye nywele. Mtu aliyezoea kusimama juu ya jukwaa siku nzima, baada ya mashuka kumi na mawili alishika kiuno.

"Alikuwa anapiga mangapi?" akauliza.

"Jumapili? Sitini," akasema Ngazi. "Siku nyingine themanini."

"Kabla ya sisi kuamka?"

"Kabla ya wewe kuamka."

Baba akavuta pazia, akaendelea.

Ngazi akainua sahani kidogo achungulie. Donge lilikuwa limeanza. Lilikuwa limepata tumbo, limeng'aa, limejaa mapovu madogo pembeni. Harufu ile ya hamira na nguo za moto ikampanda puani, akafunika haraka, maana machozi yalimlenga na hakutaka Bibi amwone. Bibi alishamwona. "Kitunguu hiki kikali," akasema yule bibi, na hapakuwa na kitunguu.

Ndivyo Mama alivyowakuta. Alikuja kabla ya saa tano, saa nne na dakika ishirini, akaukuta mlango umerudishiwa tu, akaingia na mkoba wake begani. Alikuwa amepungua kidogo, na nywele amezikata. Alisimama kwenye mlango wa jikoni akamwona mumewe amevaa fulana imelowa, ameinamia meza yake, anapiga pasi kitambaa cha sikukuu.

"Shikamoo, Mama," akasema Ngazi.

"Marahaba." Hakuwa anamtazama. Alimsalimia Bibi, Bibi akaitika na kumwita mwanangu kama zamani. Kisha akasema, "Fundi, hicho kitambaa hakitaki pasi ya moto namna hiyo."

Baba akainyanyua pasi. Alama ya ncha yake ilishatokea kwenye kitambaa, ya rangi ya chai.

"Nimepata jana tu habari kwamba donge linataka joto," akasema. Halafu akatikisa kichwa. "Si jana. Leo. Leo asubuhi."

Mama akaitazama rafu. Akaona bakuli kwenye duara lake na mashuka yaliyolizunguka, mengine yamekunjwa vizuri, mengine yamekunjwa na mwanaume. Kisha akavua mkoba, akakunja mikono ya gauni, akainama na kulitoa bakuli, akabonyeza donge kwa kidole kimoja. Likarudi juu.

"Haya," akasema. "Tusukume."

Mkate ule waliufanya wanne. Mama alisukuma, Ngazi akatandaza nyama, Bibi akamwaga jibini, na Baba akaruhusiwa kupaka yai.

"Mkono mmoja," akasema Mama.

"Mmoja tu? Utang'aa kweli?"

"Fundi."

Akapaka mmoja. Akaosha brashi, akaiweka mbali naye, kama mtu anayejijua.

Saa tano na nusu ulitoka. Mikato mitano ilikuwa imefunguka, jibini linachemka ndani yake, na jikoni kote kulinuka Jumapili. Mama alikata. Nyuzi zilifuata. Ngazi alikula vipande viwili amesimama, akiungua ulimi, akakaa chini akala cha tatu taratibu, maana alitaka kisiishe. Walicheka. Bibi alisimulia habari ya matofali, na Mama alicheka mpaka akashika meza. Baba akasimulia habari ya nesi, ingawa hakuwepo, akaiongezea chumvi, na hakuna aliyemrekebisha. Kwa robo saa hivi, mtu angepita akachungulia, angeona familia inakula na kuwapita.

Ngazi alijua robo saa inaisha. Aliiona kwenye mikono ya Mama, ilivyoanza kukusanya makombo.

"Umetoka sawa?" akauliza Baba.

"Umetoka sawa."

"Mimi sikujua. Nilikuwa naisikia ile pasi nikiwa kitandani, nasema huyu mwanamke hachoki, hata Jumapili. Nilikasirika nayo. Sikujua kwamba naila." Akasukuma sahani yake pembeni. "Rudi nyumbani, Mama Ngazi. Mashuka yakae jikoni, yakae sebuleni, yalale na mimi kitandani. Nitakuwa napiga nusu yake."

Bibi akaangalia dirishani. Ngazi hakuangalia popote. Moyo wake ulikuwa umepanda ngazi zote za dunia na kusimama kwenye ya mwisho.

Mama akayamwaga makombo kwenye sahani. Alipojibu alikuwa anasema naye kwa upole kabisa, na Ngazi akajua kabla neno halijatoka, maana mtu anayerudi hasemi kwa upole namna ile, anaanza na masharti.

"Kule nina dirisha," akasema. "Napiga pasi naona watu wanapita. Saa saba nikichoka nafunga, nakaa. Kuna watu wanakuja na shati moja tu, wanasubiri, wananieleza mambo yao. Mtu ananiambia, mama, hakuna mwingine mjini hapa anayenyoosha kola kama wewe." Akatabasamu kidogo. "Nimekusikia, Fundi. Ungeniambia hivi mwaka jana, ningelia nikamwaga unga. Sasa hivi nafurahi tu. Sijui kama inatosha. Naona haitoshi."

"Bado kuna muda," akasema Baba.

"Muda upo. Leo nimekuja kuchukua meza."

Baba akainuka, akaenda kwenye sanduku lake la vifaa, akachukua bisibisi. Alipiga magoti, akatoa mashuka kwenye rafu, moja moja, akayaweka juu ya kiti. Akafungua skrubu za mguu wa kwanza. Zilikuwa zimekaza, alizikaza mwenyewe miaka ishirini na moja iliyopita, na sasa zilimpa kazi. Mama alimshikia ubao usimwangukie. Kila mmoja alijua mwenzake anasogea wapi.

Miguu minne ikafungwa kamba. Skrubu akazitia kwenye bahasha, akaandika juu yake kwa penseli: za mbele, za nyuma.

"Ukizichanganya itayumba," akamwambia Ngazi. "Mfungie vizuri. Usimwache afunge mwenyewe."

"Sawa, Baba."

Mama alimuaga Bibi, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Alimfungia mdogo wake vipande viwili vya mkate kwenye karatasi. Akasimama mbele ya mumewe, akamwondolea unga kwenye nyusi kwa kidole gumba, akachukua fungu la miguu na kutangulia. Viatu vyake vikasikika vikishuka.

Ngazi akaubeba ubao begani. Ulikuwa mrefu kuliko yeye, ikabidi atoke kinyumenyume, akiukwepesha ukuta ambao baba yake aliupaka mikono miwili. Kwa hiyo mpaka anafika nje alikuwa anatazama ndani. Pale ukutani palibaki mstatili wa rangi ya zamani, safi, na mbele yake Baba amesimama na shuka mikononi. Alikuwa analikunja. Alikunja nusu, akalishusha, akapima kona na kona, akaanza upya.

"Nikuletee nini nikirudi?" akauliza Ngazi.

"Niambie kama urefu bado unamfaa," akasema Baba. "Mwangalie akiwa amesimama."

Ngazi akaitikia kwa kichwa. Akaegemeza ubao kwenye ukuta wa nje, akanyoosha mkono, akavuta mlango taratibu mpaka ukafunga.